Vigae vya mahjong kwenye baraza la Ngamiani

Wiki iliyopita, baada ya swala ya alasiri, mpwa wangu alifungua laptopu yake kwenye baraza letu Ngamiani, Tanga, hatua mbili tu kutoka kwenye meza ya dhumna. Kwenye kioo palikuwa na safu ya vigae vyeupe. Vingine vina viduara, vingine vina herufi za Kichina, na kimoja kina ndege. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake akainama kukitazama kile cha ndege.

"Hii dhumna ya wapi, baba?"

"Si dhumna, babu. Ni mahjong."

"Mahjong naijua. Mjukuu wangu anayo kwenye simu. Unatafuta viwili vinavyofanana, unaviondoa."

Mpwa wangu hakumbishia. Alinitazama mimi, kama mtu anayeomba msaada wa kujua pa kuanzia. Jibu la mzee yule ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu limebeba sehemu kubwa ya ubishi wanaobishana vijana wetu kuhusu magemu kama hili alilokuwa amelifungua, Aotenjo: Infinite Hands, gemu la mchezaji mmoja lililojengwa juu ya mahjong.

Ule mchezo wa kuondoa vigae viwili viwili si mahjong. Ulibuniwa na Mmarekani, Brodie Lockard, mwaka 1981 kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa PLATO, na ukaenea sana tangu 1986, kampuni ya Activision ilipoutoa kwa jina la Shanghai. Uliazima vigae, ukaacha mchezo. Kwa hiyo duniani kote wapo watu wengi wanaoamini wanaijua mahjong, na siku wakikutana na yenyewe wanajikuta wageni kwenye nyumba waliyodhani ni yao.

Mahjong yenyewe ni mchezo wa watu wanne, uliopata sura yake huko Uchina katika karne ya 19, na mji unaotajwa sana ni Ningbo. Vigae vya msingi ni 136. Yapo makundi matatu ya namba, kuanzia moja hadi tisa, kila kigae kikiwa na wenzake watatu wanaofanana naye, jumla 108. Wanaongezeka upepo wa pande nne, vigae 16, na madragoni ya aina tatu, vigae 12. Unashika vigae 13, unaokota kimoja, unatupa kimoja, mpaka siku vigae 14 vikae sawasawa: mafungu manne ya vitatu vitatu na jozi moja. Fungu ni mfuatano, kama 4, 5 na 6 za kundi moja, au ni vigae vitatu vinavyofanana. Mpwa wangu na wenzake wameshayapa majina: mfuatano wanauita ngazi, na vitatu vinavyofanana wanaviita mafiga. Niliposikia neno mafiga mara ya kwanza nilifurahi sana. Hakuna mkalimani aliyewapa, limetoka jikoni kwa bibi yao.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kulipita. Makundi yale matatu ya namba asili yake ni fedha. Viduara ni sarafu, fimbo ni sarafu zilizotungwa kwenye kamba, na kundi la tatu limebeba herufi ya elfu kumi. Ni urithi wa karata za kale za Uchina. Nasi karata zetu za pwani zina historia ya namna hiyo hiyo: uru ni dhahabu ya Wareno, kopa ni vikombe vyao, shupaza ni panga zao, pau ni marungu yao, na hata turufu ni neno lao. Mreno ameondoka zamani, maneno yake ya karata yamebaki midomoni mwa wazee wa Ngamiani. Mchezo ukishaingia kwenye lugha ya watu hautoki kirahisi.

Jina la gemu la mpwa wangu ndilo funguo ya kila kitu. Aotenjo ni neno la wacheza mahjong wa Japani. Maana yake ni dari la buluu, yaani anga ndiyo dari. Ili uone uzito wake inabidi tupige hesabu kidogo, na naomba msomaji anivumilie, kwa sababu utamu wote umekaa hapa.

Katika mahjong ya Kijapani, inayoitwa riichi, thamani ya mkono inatokana na vitu viwili. Kuna fu, alama ndogondogo zinazotegemea muundo wa mafungu yako. Halafu kuna han, ambazo unazipata kwa kutimiza miundo maalumu iitwayo yaku. Kila han moja ikiongezeka, thamani inakuwa maradufu. Mkono wa fu 30 na han moja ni 30 mara 8, yaani 240 za msingi. Han mbili, 480. Han tatu, 960. Sasa endelea kupanda hivyo hivyo mpaka han 13, unapata 30 mara 32,768, yaani 983,040. Na aliyekutupia kigae cha ushindi anatakiwa akulipe mara nne yake, zaidi ya milioni 3.9. Kumbuka kwamba mezani kila mtu kwa kawaida anaanza na alama 25,000. Hakuna wa kulipa deni hilo. Ndiyo maana kanuni za kawaida zinaweka dari: mkono wa han 13, kama mshindi si mwenye zamu ya mashariki (anayeongoza raundi, ambaye hulipwa zaidi), unalipwa 32,000 basi. Aotenjo ni kanuni ya pembeni, ya wale wanaotaka kuiondoa dari hiyo.

Mezani, kanuni hiyo haifai. Mkono mmoja unamaliza kila kitu na watu wanarudi nyumbani. Lakini mweke mchezaji mmoja peke yake, asiye na wa kumfilisi, mpe lengo la alama linalopanda kila raundi, na mruhusu akusanye vitu vya kuzidisha alama zake. Ghafla kanuni iliyokuwa mzigo inakuwa injini. Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo bora kabisa ndani ya gemu hili. Waliolitengeneza hawakubandika picha za vigae juu ya mchezo wa mtu mwingine. Walichimba ndani ya mahjong yenyewe wakatoa kitu kilichokuwa kimelala.

Umbo hilo la gemu halikuanza na watengenezaji hao. Mwaka 1980 ulitoka mchezo wa kompyuta ulioitwa Rogue: unaingia shimoni, kila safari shimo limepangwa upya, ukifa umekufa, unaanza moja. Ukoo wake bado unazaa. Mwaka 2008 Donald X. Vaccarino alitoa Dominion, mchezo wa mezani ambamo unaijenga pakiti yako ya karata huku unacheza. Slay the Spire, lililokamilika 2019, likaviunganisha viwili hivyo. Halafu Februari 2024 likaja Balatro, gemu la karata za poka, kazi ya mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk, likauza nakala milioni moja ndani ya mwezi mmoja na kuchukua tuzo tatu katika The Game Awards mwishoni mwa mwaka huo. Tangu hapo gemu lolote la ukoo huu linapimwa kwa Balatro, liwe limetaka au halikutaka.

Na Balatro lina hesabu ya aina ile ile. Ukiweka jozi ya ree, unapata 10 za jozi, na 11 kwa kila ree, jumla 32, mara 2, unapata 64. Lengo la kwanza ni 300, na una mikono minne. Inatosha kukufanya ukune kichwa. Baadaye unanunua jokeri, karata maalumu za kuongeza alama, kila mmoja na tabia yake, na zile 64 zinaanza kuwa maelfu, kisha mamilioni. Wapo mabingwa waliozidisha mpaka kompyuta ikashindwa kuitunza namba, ambayo kikomo chake ni kama 1.8 ikizidishwa kwa kumi mara 308, na kioo kikaandika naneinf badala ya alama. Hata anga ina dari, ukipanda vya kutosha.

Sasa ubishi wenyewe. Mpwa wangu ana wenzake wanne wanaokutana kwa mmoja wao Makorora, kwa sababu hapo intaneti haisuasui. Wote wamelijaribu gemu la vigae. Wawili wameliacha. Mmoja aliniambia maneno haya, na niliyaandika: "Mjomba, kwenye Balatro nilikuwa nacheza baada ya dakika tano. Hapa baada ya saa mbili bado nasoma." Lawama hiyo ni ya kweli na mtengenezaji yeyote anapaswa kuisikia. Balatro limesimama juu ya mikono ya poka, ambayo ni michache, inaenea kwenye ukurasa mmoja, na kijana wa Tanga ameshaiona kwenye filamu kabla hajagusa karata. Yaku ni nyingi, majina yake ni ya Kijapani au ya Kichina, na maelezo kwenye kioo yalikuwa ya Kiingereza. Anayeingia hapo bila mwenyeji anabeba lugha mbili ngeni kwa mpigo, ya maandishi na ya mchezo.

Lakini dawa wanayoipendekeza baadhi yao, kwamba yaku zipunguzwe na mchezo ulainishwe, naipinga kwa nguvu zote. Lawama yao ni ya mlango. Wao wanataka kubomoa nyumba.

Chukua mkono huu, ambao mpwa wangu alinipangia kwa vigae vya karatasi alivyokata mwenyewe. Una ngazi ya 2, 3, 4 ya viduara. Una ngazi ya 2, 3, 4 ya fimbo. Una 2 na 4 za herufi. Una ngazi ya 6, 7, 8 ya fimbo, na jozi ya dragoni mwekundu. Vigae 13. Unangoja kimoja tu, 3 ya herufi, na ikija utakuwa na ngazi ile ile katika makundi yote matatu, jambo ambalo ni yaku yenye heshima. Sasa unaokota 5 ya viduara. Je, unaitupa, ubaki umeiva? Au unatupa dragoni mmoja, unauvunja utayari wako, ukitumaini kupata jozi ya 5, kwa sababu mkono usio na moja, tisa, upepo wala dragoni ni yaku nyingine, na zote mbili zinaweza kukaa pamoja? Tulikaa na swali hilo tangu maji ya chai yanachemka mpaka chai ikapoa. Uzito wake unatokana na jinsi yaku zinavyoingiliana, moja ikifungua njia na nyingine ikiziba. Ukizipunguza zikabaki tano, swali hilo linakufa, na utabaki na gemu la kubonyeza na kusubiri namba zipande.

Kinachozidi kwenye gemu ni kwamba unaweza kuibadili pakiti yenyewe ya vigae. Ukiamua wewe ni mtu wa ngazi za katikati, unaanza kuifinyanga pakiti yako ikufuate. Mezani Ningbo au Tokyo hakuna anayekuruhusu kufanya hivyo. Hapa ndipo ukoo wa Rogue na mahjong wanapooana vizuri, na ndoa hiyo inahitaji yaku zote.

Lawama ya pili inatoka upande wa pili, kwa wanaoijua mahjong. Wanasema watu hawapo. Ni kweli. Mahjong ya mezani nusu yake ni kuangalia wenzako wanatupa nini. Yule dragoni mwekundu niliyekuwa nafikiri kumtupa angeweza kumpa mwenzangu ushindi wake. Gemu la mchezaji mmoja limeiondoa hofu hiyo yote. Kwangu hii ndiyo lawama nzito kuliko ile ya ugumu, na nashangaa kwamba vijana hawaisemi sana. Nimekaa kwenye baraza hili miaka mingi na najua mcheza dhumna mzuri anajua kete zilizo mkononi mwa mwenzake kwa namna mwenzake alivyosita. Hilo halipo kwenye laptopu. Sisemi gemu ni bovu kwa hilo. Nasema tusiseme limechukua nafasi ya mahjong, kama vile ule mchezo wa simu haukuichukua.

Kuhusu bahati, wanaolalamika kwamba safari nzima inaweza kuharibika kwa vigae vibaya, nitasema kwa ufupi tu: anayeshinda mara moja ana bahati, anayeshinda mara saba katika kumi anajua anachofanya. Mpwa wangu ameanza kuwa wa kundi la pili.

Vijana wa Makorora wameniuliza, na si mara moja, kwa nini bao la Kiswahili lisifanyiwe hivyo hivyo. Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu kwa sababu bao nalipenda kuliko mchezo wowote. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja anaanza na kete kumi ubaoni, sita kwenye shimo liitwalo nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi kwa ajili ya kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Hakuna kilichofichwa. Kila kete inaonekana kwa wote wawili, na anayeshindwa hana cha kusingizia. Ukoo wa Rogue unaishi kwa kutojua kinachokuja. Ukimpa mcheza bao pakiti ya kuokota kwa kubahatisha, umemnyang'anya bao na kumwachia mashimo, yaani umefanya kosa lile lile la Shanghai: kuazima vifaa na kuacha mchezo.

Hata hivyo kuna kitu ndani ya bao kinachofanana sana na dari la buluu, nacho ni safari. Unakula, unapanda, kete ya mwisho inaangukia shimo lenye kete, unaendelea, unakula tena, unazunguka, na kama uliipiga hesabu vizuri hatua moja inaweza kuendelea mpaka watazamaji wakaacha kahawa zao zipoe. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar, na alichokuwa anakichunguza ni hicho hasa: akili inawezaje kuibeba safari ndefu kabla mkono haujagusa kete. Furaha ya kuona kitu ulichokipanga kikijiendesha chenyewe mbele ya macho yako ni ile ile anayoipata kijana anapoona namba zake zikipanda. Mtu akitaka kutengeneza gemu la bao, aanzie kwenye safari. Ubao ni sura tu. Na kwa karata zetu kazi ni nyepesi zaidi, maana tayari zina bahati ndani yake, na majina yake tunayo, kopa mpaka turufu.

Wazee wawili wa barazani hawakupendezwa na hayo yote. Mmoja alisema waziwazi kwamba karata na vigae vya Wachina ni kamari, na mtoto asizoeshwe. Sitaki kumpuuza, kwa sababu mashine za kubahatisha zimeingia mitaani kwetu na tumeona vijana wakimaliza nauli humo. Hofu hiyo imefika hata Ulaya: Balatro liliwekewa kiwango cha miaka 18 na PEGI, wanaopanga umri wa magemu, kwa sababu ya sura yake ya kamari, kisha Februari 2025 baada ya rufaa likashushwa hadi 12. Uchina nayo iliitambua mahjong kuwa mchezo wa ushindani mwaka 1998, baada ya miongo ya kuitazama kwa jicho la kamari. Uamuzi wangu ni kwamba gemu usiloweka shilingi ndani yake wala kutoa shilingi si kamari, hata kama limevaa nguo zake. Lakini ningependa mzazi akae jirani na mtoto anapocheza, aone mwenyewe.

Narudi kwa yule mzee wa mwanzo. Nilikuwa nimeshaanza kumweleza mambo ya 1981 na Shanghai, mpwa wangu akanikatiza kwa adabu, "Samahani mjomba," akamvutia mzee kiti. Hakumsomesha kanuni. Alicheza mikono mitatu polepole, kila kigae akisema anakitupa kwa nini. Hii ngazi, babu. Haya mafiga. Hapa nakwepa moja na tisa zote, nabaki na za katikati, nalipwa zaidi. Mzee alinyamaza muda wote. Muuza kahawa alipita na dele lake, mzee akachukua kikombe na kashata bila kuondoa macho.

Mkono wa nne, vigae vilipojipanga kwenye kioo, mpwa wangu alisita. Mzee akanyoosha kidole, karibu akiguse kioo.

"Kitupe hicho cha ndege."

Ndege ndiye moja ya fimbo. Mpwa wangu akamtazama. "Kwa nini, babu?"

"Si ulisema unakaa katikati? Huyo yuko ukingoni."

Wakati huo huo wakamwita kutoka kwenye dhumna, zamu yake imefika. Akawaambia wampe mwingine, akasogeza kiti.